Simu Ikiondoka Mkononi mwa Mtoto, Nani Anakaa Naye?

Septemba 2024 Mamlaka ya Afya ya Umma ya Sweden ilitoa mwongozo uliotangazwa karibu kila pembe ya dunia: mtoto aliye chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini hata kidogo, na wa miaka 2 hadi 5 asizidishe saa 1 kwa siku. Miezi michache kabla yake, jopo la wataalamu lililoteuliwa na Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa lilikuwa limependekeza watoto wa chini ya miaka 3 wasionyeshwe skrini kabisa. Kisha Australia ikatunga sheria ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii, sheria iliyoanza kufanya kazi tarehe 10 Desemba 2025. Hatua hizi zinahusu umri tofauti na zina sababu tofauti, lakini zimewafikia wazazi kama ujumbe mmoja mfupi: zima. Na wazazi wengi wanajitahidi kuzima. Kishikwambi kinafungiwa kabatini, katuni zinakatwa katikati, mtoto analia mpaka analala. Anapoamka anakuta nyumba imetulia, na mkubwa aliyemzimia katuni ameinamia simu yake mwenyewe.

Hoja yangu ni kwamba ujumbe huu tumeupokea nusu, na nusu tuliyoiacha ndiyo yenye uzito. Mtoto mdogo hujifunza kwa kujibiwa. Anatoa sauti, anatazama, ananyoosha kidole, anaangusha kitu makusudi, na ubongo wake unajijenga kutokana na kile kinachomrudia kutoka kwa mtu aliye karibu. Hasara kubwa ya skrini ni kwamba inazungumza bila kusikiliza, na inakalia saa ambazo mtu angezikaa na mtoto. Ukiiondoa halafu usimweke mtu, umemwondolea mtoto kelele na kumwachia ukimya. Faida ipo, hasa kwenye usingizi, ila ni ndogo kuliko ile tunayoahidiwa. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu dakika za kutazama, kwa maoni yangu, sera na nyumba zote mbili zinapaswa kuuliza nani atakuwa na mtoto dakika nyingine zote za siku, na mtu huyo amewezeshwaje kuwa naye.

Namna tulivyofika hapa inaeleza mengi. Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wake kuhusu watoto wa chini ya miaka 5. Vichwa vya habari vilichukua jambo moja tu: skrini haifai kwa mtoto wa chini ya mwaka 1, haishauriwi kwa wa mwaka 1, na isizidi saa 1 kwa wa miaka 2 hadi 4. Lakini ule ulikuwa mwongozo wa saa zote 24 za mtoto: alale kiasi gani, ajongee kiasi gani, akae kiasi gani. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14, na wa miaka 3 au 4 saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo. Kuanzia mwaka 1 anatakiwa awe kwenye mwendo walau dakika 180 kwa siku, zikitawanywa kutwa nzima. Yule ambaye bado hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi akiwa macho, kwa jumla ya walau dakika 30. Asifungwe kwenye kiti, kigari au mgongoni kwa zaidi ya saa 1 mfululizo. Na kuhusu muda wa kukaa, mwongozo ulisema jambo ambalo halikufika kwenye vichwa vya habari: mtoto anapokuwa ameketi, ni vizuri mlezi amsomee na kumsimulia hadithi. WHO haikuacha nafasi tupu. Iliondoa kitu kimoja ikaweka kingine mahali pake, katika waraka uleule.

Mtazame mtoto wa miezi 14 aliyekalishwa mezani na kijiko mkononi. Anakiachia. Kinagonga sakafu, naye hakihangaikii. Anainua macho anakutazama wewe. "Kimeanguka!" unamwambia. "Kimeenda wapi? Kile pale, chini." Unamrudishia. Anakiachia tena, safari hii polepole, na macho yameshakuja kwako kabla kijiko hakijafika sakafuni, mdomo umeshaanza kutengeneza sauti inayokaribiana na "chini". Katika nusu dakika hiyo amefanya jaribio na kulirudia ili athibitishe, amesikia neno likifungamana na kitu anachokiona kwa macho yake, na amejifunza kwamba zamu yake ikiisha inafuata ya mwenzake. Mkubwa, ambaye huenda kiuno kimeshamchosha kwa kuinama, amefundisha bila daftari wala programu. Video ingeweza kumwonyesha mtoto huyu vijiko mia vikianguka, kwa rangi nzuri zaidi. Isingeweza kungoja macho yake yainuke.

Watafiti wamelipima jambo hili kwa njia nyingi. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Tronick aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga kama kawaida, kisha kwa dakika chache wawatazame tu, uso ukiwa mkavu, bila kuitikia chochote. Watoto walijaribu kila njia kumrudisha mama: walitabasamu, walinyoosha mikono, walipiga kelele, na waliposhindwa waligeuza uso. Mama alikuwapo palepale mbele yao. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walichapisha utafiti wa watoto wa Kimarekani wa miezi 9 waliosikilizishwa Kichina cha Mandarin katika vikao 12. Waliokaa na mzungumzaji mwenyewe, akicheza nao na kuwasomea, walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliosikia mambo hayohayo kupitia video hawakuwa tofauti na watoto ambao hawakuwahi kusikia Kichina.

Hapo mtu angeweza kuhitimisha kwamba kioo ndicho kibaya. Ndiyo maana utafiti wa 2014 wa Sarah Roseberry, Kathy Hirsh-Pasek na Roberta Golinkoff una uzito wa pekee kwangu. Watoto wa miezi 24 hadi 30 walifundishwa vitenzi vipya kwa njia tatu: ana kwa ana, kwa simu ya video ya moja kwa moja, na kwa video iliyorekodiwa. Ana kwa ana walijifunza. Kwa simu ya video, ambako mtu wa upande wa pili aliwaona na kuwajibu, walijifunza pia. Kwa video iliyorekodiwa hawakujifunza. Kioo hakikubadilika, kilichobadilika ni kuwapo kwa mtu anayeitikia. Bibi aliye mbali, anayemwita mjukuu wake kwa jina na kucheka pale mjukuu anapocheka, hawezi kuwekwa fungu moja na katuni zinazojiendesha zenyewe. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kililiona hilo mwaka 2016, pale kiliposhauri watoto wa chini ya miezi 18 waepushwe na skrini isipokuwa simu za video. Maneno hayo ya "isipokuwa" yana somo zima ndani yake, na mzazi aliyeambiwa "zima" hakuyapata.

Si mara ya kwanza nusu ya ujumbe kututuma kusiko. Mwaka 1995 Betty Hart na Todd Risley walichapisha matokeo ya kufuatilia familia 42 huko Kansas, Marekani, na kutokana nayo wakakadiria kwamba mtoto wa familia maskini husikia, katika miaka ya mwanzo ya maisha, maneno milioni 30 pungufu kuliko mtoto wa familia ya wasomi. Idadi hiyo ilizunguka dunia. Wachache walitaja kwamba ilikuzwa kutokana na saa 1 ya kurekodi kwa mwezi, na kwamba familia za kundi la chini kabisa zilikuwa 6 tu. Watafiti wa baadaye wameipinga, wengine wakionyesha kwamba pengo hupungua sana ukihesabu pia maneno ya ndugu, jamaa na watu wengine wanaomzunguka mtoto. Lakini kwa mzazi somo lilishakaa: mmwagie mtoto maneno, mengi iwezekanavyo. Mwaka 2018 Rachel Romeo na wenzake waliwapima watoto 36 wa miaka 4 hadi 6 na kukuta kwamba kilichohusiana na utendaji wa eneo la lugha kwenye ubongo ni idadi ya zamu za mazungumzo, hata baada ya kuzingatia kipato cha familia na wingi wa maneno ya wakubwa. Redio iliyowashwa kutwa ina maneno mengi kuliko mama yeyote.

Wanaounga mkono makatazo wana hoja nzito na sitaki kuipunguza. Skrini karibu na saa ya kulala huchelewesha usingizi, na mtoto aliyekosa usingizi hajifunzi, hatulii, hata kuchezea kitu kwa muda hawezi. Saa zinazokwenda kwenye kutazama zinatoka mahali fulani, na mara nyingi zinatoka kwenye kukimbia, kupanda na kugaagaa. Runinga iliyowashwa tu chumbani, bila mtu kuitazama, imeonekana kupunguza maneno ambayo mzazi anamwambia mtoto na kukatakata mchezo wa mtoto. Na programu nyingi zimetengenezwa makusudi ili video moja ianze inapoishia nyingine, mtego ambao hata mtu mzima unamshinda. Kumtegemea mtoto wa miaka 3 ajitoe humo mwenyewe ni kumwonea. Kwa hiyo kikomo cha saa kina maana, na nyumba inayokiweka inafanya vyema. Ninachokataa ni kuamini kwamba kila upungufu unaoonekana kwa watoto wanaotazama sana umeletwa na skrini. Tafiti nyingi za aina hiyo zinalinganisha watoto ambao maisha yao yalishatofautiana tangu mwanzo. Nyumba ambayo mtoto anatazama kutwa nzima mara nyingi ina mlezi mmoja, au kazi mbili, au mgonjwa wa kuuguza, au nje yake hapana usalama wa kucheza. Izime skrini ya nyumba hiyo, na hayo mengine yote yatabaki yalivyo.

Upande wa pili wapo wanaosema programu za kielimu zinafundisha, na kuziondoa ni kumnyima mtoto mwalimu wa bure. Kwa mtoto wa miaka 3 na kuendelea wana sehemu ya ukweli. Kipindi kilichotengenezwa kwa uangalifu, chenye hadithi moja inayofuatika na mwendo usio wa kukimbizana, kinaweza kumfundisha herufi, hesabu na maneno mapya, na kinafundisha zaidi mkubwa akiwa ameketi kando akiuliza, "Kwa nini amekasirika? Wewe ungefanyaje?" Kwa wa chini ya miaka 2 hoja hiyo ni dhaifu, kwa sababu tulizoziona. Nami naongeza sababu nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha. Programu nyingi za watoto wachanga zinazungumza lugha ambayo haizungumzwi nyumbani. Mtoto anahesabu hadi kumi na kutaja rangi kwa lugha ya kigeni, wazazi wanafurahi na kumrekodi, kumbe hajaweza kueleza kwa lugha ya mama yake kwamba tumbo linamuuma. Wazazi wengine nao wanaingia mkumbo, wanaanza kumsemesha mtoto kwa lugha wasiyoimudu, na mazungumzo yanageuka kuwa amri fupi: kaa, kula, njoo. Lugha ambayo mzazi anaweza kubembelezea, kutania, kusimulia na kueleza sababu ndiyo ya kumlelea mtoto. Hiyo ya pili ataiongeza juu ya msingi huo. Watoto wana uwezo mkubwa wa kubeba lugha mbili na zaidi.

Kuna simu moja ambayo miongozo mingi inaigusa kwa mstari mmoja tu, nayo ni ya mkubwa. Mwaka 2017 Jessa Reed, Hirsh-Pasek na Golinkoff walichapisha jaribio ambalo ningependa kila mlezi alijue. Akina mama 38 walipewa kazi ya kuwafundisha watoto wao wa miaka 2 maneno mawili mapya, moja baada ya jingine. Katika neno mojawapo, simu ya mama iliita katikati ya somo naye akaipokea. Neno hilo watoto hawakulijifunza, ingawa walilisikia mara sawa na lile jingine, ambalo walilijifunza. Simu hizo zilikuwa fupi. Fikiria basi jioni ambayo ujumbe unaingia kila baada ya dakika chache, na kila mara uso wa mkubwa unazimika kama ule wa majaribio ya Tronick. Sisemi hivi kuwabebesha wazazi hatia. Wengi simu hiyo ndiyo kazi yao, ndiyo inayowaunganisha na mteja au bosi asiyejua saa za kulala mtoto. Nasema kwa sababu nyumba inayomfungia mtoto kishikwambi na kuacha simu ya mkubwa iite wakati wote imeshughulikia kifaa kilicho chepesi kushughulikiwa.

Mama mmoja, baada ya kumzimia mwanawe wa miaka 3 katuni kwa wiki nzima, aliniuliza kwa uchovu: "Sasa mwenzangu, nimfanyie nini siku nzima?" Ni swali halali, na soko limeshamjibu kabla yetu: mnunulie daftari la mazoezi, mwanzishe kuandika, mpeleke masomo ya ziada. Wanaotaka hivyo hupenda kutukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Ubichi wa mtoto ni kweli upo, ila kukunjwa huku kuna ushahidi usiofurahisha. Huko Tennessee, Marekani, watoto 2,990 wa familia za kipato cha chini waliandikishwa katika utafiti wa shule za awali za jimbo, nafasi zikitolewa kwa bahati nasibu. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2022 yalionyesha kwamba kufikia darasa la sita, waliopata nafasi walikuwa na alama za chini kidogo na matatizo zaidi ya nidhamu kuliko waliokosa. Utafiti huo hauthibitishi kwamba shule ya awali ni mbaya, kwa maana zipo zilizowasaidia watoto sana. Unatuonya kwamba kukaa darasani mapema si faida kwa kuwa tu ni mapema. Huko New Zealand, Sebastian Suggate na wenzake waliwalinganisha watoto walioanza kufundishwa kusoma wakiwa na miaka 5 na walioanza wakiwa na miaka 7. Walipofikia miaka 11 hivi, tofauti ya usomaji ilikuwa imefutika. Mtoto wa miaka 3 anayelazimishwa kufuatisha herufi kwa nukta yuko mbele ya skrini nyingine, ya karatasi: ina jibu moja sahihi na haijali alichotaka kusema.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosema mtoto mdogo haelewi kitu, kwa hiyo kukaa kumsemesha ni kupoteza muda mpaka atakapoanza kuongea. Inasikika kwa watu wenye upendo mkubwa na watoto wao, na ndiyo maana inastahili kujibiwa bila kuzungushwa. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer walionyesha kwamba watoto wenye umri wa siku 3 au pungufu walibadilisha namna ya kunyonya chuchu ya bandia ili wasikie sauti iliyorekodiwa ya mama yao badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Walikuwa wameshaifahamu. Mwaka 2012 Elika Bergelson na Daniel Swingley walionyesha kwamba watoto wa miezi 6 hadi 9 walielekeza macho kwenye picha ya chakula au kiungo cha mwili kilichotajwa na mzazi, miezi kadhaa kabla ya wao wenyewe kutamka neno lolote. Anayengoja mtoto aongee ndipo aanze kumsemesha anangoja tunda la mti asioumwagilia maji.

Hoja ya muda ndiyo inayonisumbua kweli. Anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku akiambiwa azungumze zaidi na mwanawe, anasikia lawama. Hapa ndipo utafiti wa Jamaica unapofaa kusomwa kwa makini. Katikati ya miaka ya 1980, jijini Kingston, Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, kutoka familia maskini. Baadhi yao walitembelewa nyumbani mara moja kwa wiki, kwa saa 1 hivi, kwa miaka 2, na wahudumu wa afya wa jamii. Mhudumu alimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto, wakitumia vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vifaa vya kawaida vya nyumbani. Wengine walipewa lishe ya ziada. Baada ya miaka 20 watafiti waliwatafuta: waliokuwa wametembelewa walikuwa na kipato cha juu kwa wastani wa asilimia 25 kuliko wenzao wa kundi lisilotembelewa, na walikuwa wamewafikia vijana ambao hawakuwahi kudumaa. Lishe peke yake haikuacha alama hiyo ya muda mrefu. Saa 1 kwa wiki! Bila shaka saa hiyo haikuwa yote. Ilibadilisha namna mama alivyotumia saa nyingine alizokuwa nazo. Lakini angalia vizuri kilichofanyika. Hakuna aliyempa mama yule karatasi ya makatazo. Alipewa mtu wa kumtembelea, aliyemjua mtoto kwa jina na kurudi wiki iliyofuata.

Na saa nyingine hizo ni zipi? Nyingi ni zile za kazi za nyumbani, tunazozihesabu kama muda ambao mtoto yuko njiani. Nguo zilizokauka zimerundikwa kitandani. Mtoto wa miaka 3 anapewa soksi: "Nitafutie inayofanana na hii." Anachukua ya bluu yenye mstari, anaiweka kando ya bluu isiyo na mstari, anasita. "Zinafanana?" Anatikisa kichwa, anaiondoa. Analinganisha, anaainisha, anakosea na kujisahihisha, nguo zikiendelea kukunjwa. Wakimaliza wanahesabu jozi. Pengine kazi imechukua dakika kumi zaidi, na dakika hizo ndizo gharama yake. Baba anaweza kuifanya, kaka wa miaka kumi na miwili anaweza, na yaya anaweza akiruhusiwa na kuonyeshwa kwamba kuzungumza na mtoto ni sehemu ya kazi yake na hatahesabiwa mvivu. UNICEF katika tafiti zake za kaya huuliza kuhusu mambo sita ambayo mtu mzima amefanya na mtoto katika siku 3 zilizopita: kusoma au kutazama kitabu cha picha, kusimulia hadithi, kuimba, kutoka naye nje, kucheza, na kutaja vitu, kuhesabu au kuchora. Manne kati ya sita yanahesabika kuwa ya kutosha. Ukiacha kitabu, hakuna linalohitaji kununuliwa.

Tahadhari moja siwezi kuiacha. Imekuwa rahisi sasa kusema kila mtoto aliyechelewa kuongea "ameharibiwa na simu". Mtoto wa mwaka na nusu asiyesema hata neno moja, asiyeitika akiitwa, asiyenyoosha kidole kuonyesha anachokitaka, au aliyekuwa akisema kisha akaacha, anahitaji kupimwa masikio na kuonwa na mtaalamu wa makuzi. Uziwi wa kuzaliwa upo, usonji upo, upungufu wa madini ya chuma na sumu ya madini ya risasi (lead) mwilini vipo, na kila mwezi unaopotea familia ikingoja matokeo ya kuzima runinga ni mwezi ambao mtoto angekuwa amepata msaada.

Wizara zinazoandaa miongozo yao sasa, na zipo nyingi, zina nafasi ya kuiandika tofauti. Mstari unaoondoa skrini ufuatwe na mstari unaosema nini kinaingia na nani atamsaidia mlezi kukifanya. Tangu 2012 WHO na UNICEF wana mafunzo ya kuwawezesha wahudumu wa afya kumshauri mzazi kuhusu kucheza na kuwasiliana na mtoto. Yanaweza kuingizwa kwenye ziara za chanjo na kupima uzito, ambazo wazazi tayari wanazihudhuria. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, uliweka likizo ya uzazi ya wiki zisizopungua 14, na bado nchi nyingi hazijauridhia. Mwajiri anayemtafuta mfanyakazi kwa simu saa mbili usiku naye yumo katika malezi ya mtoto, apende asipende, na sheria za saa za kazi zinapaswa kumtambua hivyo. Kutangaza kikomo cha dakika hakuhitaji fedha. Kumlipa mhudumu wa jamii abishe hodi kila wiki kunahitaji, na bajeti hiyo ndiyo ningependa kuona ikijadiliwa siku ileile mwongozo unapotangazwa.